Mwalimu na Saa ya Kompyuta Mpya

Ukiingia kwa Mwalimu ukasema "mtandao unasumbua," ulikuwa umeshajiharibia. Hakupandisha sauti. Alivua miwani, akaiweka juu ya printa, akakutazama kama anayekagua daftari chafu.

"Mtandao ndiyo nini? Umeona nini? Sema ulichokiona, usiseme ulichodhani."

Hapo mtu mzima na ndevu zake, labda mfanyabiashara aliyetoka Segera na haraka zake zote, alianza kujieleza kama mtoto wa darasa la tatu: nimebonyeza hapa, pakazunguka, halafu pakaandika maneno. Maneno gani? Sikuyasoma, Mwalimu. Basi rudi ukayasome. Wengi waliapa kwamba hawatakanyaga tena pale, na wengi hao hao niliwakuta wamekaa kwenye benchi lake wiki iliyofuata.

Steshenari yake ilikuwa chumba kimoja jirani na stendi ya Korogwe. Mashine ya kopi, printa mbili ambazo moja ilikuwa inaliwa vipuri na mwenzake, benchi la mbao, na kompyuta moja mezani. Mji mzima ulimwita Mwalimu, hata wale ambao hakuwafundisha. Mimi mama huyu alinifundisha hisabati shule ya msingi kule Mnyuzi. Leo na mimi ni mwalimu, nina darasa langu na kelele zangu, lakini nikimsikia akikohoa nyuma yangu mgongo wangu unanyooka wenyewe. Nilimpenda na nilimwogopa, na sikuwahi kujua mapenzi yaliishia wapi na woga ukaanzia wapi.

Juu ya mlango aliweka saa ya ukutani, na saa hiyo ilikuwa maarufu. Aliitoa darasani alipostaafu, akaja nayo mjini. Mishale yake ilisema kama watu wanavyosema. Ikiwa ni saa mbili asubuhi, mshale mfupi ulikaa kwenye mbili, si kwenye nane kama saa nyingine zote za dukani. Alifundisha hivyo miaka yote, na mkaguzi alipomuuliza kwa nini anapotosha watoto, alimjibu kwamba hao wenzetu wanaanza kuhesabu usiku wa manane na hakuna mtu aliyeamka kuiona hiyo saa yao. Sisi tunaanza kuhesabu jua likitoka, kila mtu yumo. Mkaguzi alicheka akaenda zake. Nadhani hata yeye alikuwa anamwogopa.

Kazi iliyompa jina hapo mjini ilikuwa ya tovuti kaidi. Maombi ya chuo, vyeti, uhamisho wa watumishi, yote siku hizi ni kwenye kompyuta, na tovuti nyingi za namna hiyo zilijengwa zamani. Kompyuta zilipoanza kuja na mfumo mpya, zikaanza kugombana. Ukurasa unafunguka nusu. Kitufe kinaonekana lakini hakibonyezeki. Vijana wa steshenari nyingine walizima na kuwasha, wakazima na kuwasha, kisha wakasema nenda kwa Mwalimu.

Yeye alikwenda kwa hatua. Kwanza alifuta kumbukumbu za brauza. Ikishindikana, alifungua brauza nyingine. Ikishindikana tena, aliingia kwenye mipangilio na kuiamuru brauza ifungue ukurasa kwa hali ya zamani. Hilo alipenda kulieleza.

"Tovuti hii ni bibi," alisema. "Amekuja kijana mpya mlangoni, hamjui, hamfungulii. Sasa tunamwambia kijana ajifanye mzee."

Na bibi alifungua. Nimeona watu wakipiga makofi mle ndani.

Alibadilisha kitu kimoja tu kwa wakati mmoja. Mteja mmoja mwenye pupa aliwahi kunyoosha mkono na kubonyeza mambo mawili kwa pamoja, ukurasa ukafunguka, naye akashangilia. Mwalimu alirudisha vyote vilivyokuwa, akaanza upya, mteja akitokwa jasho. "Tumepona," alimwambia, "lakini tumeponywa na nini? Kesho akija mwingine nitampa dawa gani?"

Alikuwa na sheria mbili nyingine. Hakutaka kujua neno la siri la mtu yeyote. Ukifika mahali pa kuliandika, aligeukia ukutani, na ukilitamka kwa sauti aliziba masikio na kuanza kuimba wimbo wa kanisani, vibaya kabisa. Na kitufe cha mwisho, kile cha kuwasilisha, hakukubonyezea. Kiti alikupa wewe. "Ni maisha yako, bonyeza mwenyewe." Nimewaona wazee ambao hawajawahi kugusa kompyuta wakishikwa kidole na kuelekezwa, wakabonyeza, wakatoka pale wanatembea kwa madaha.

Sasa msidhani alikuwa mtu wa kunyooka tu kama rula. Alisema mambo mapya yanamchosha, na kila jambo jipya lilipofika Korogwe yeye alikuwa wa kwanza kulinunua. Alisema hapendi watu, na benchi lake halikukosa watu. Alikugombeza mpaka machozi yakulengelenga, kisha akafunua bakuli la muhogo wa kuchemsha na kukuambia ule, mbona umekonda. Na alisema magoti yake yameisha, safari zake zinakomea stendi. Hata kwao Lushoto, milimani, alikuwa haendi tena, ndugu ndio waliteremka kumfuata. Alisalimiana nao kwa Kisambaa mlangoni, akicheka kicheko ambacho sisi wengine hatukupewa.

Mimi kwake nilikwenda siku hiyo kwa sababu ya mama.

Nilikuwa nafundisha Handeni. Mama alikuwa Mnyuzi peke yake, na kiharusi kilikuwa kimemshika upande wa kulia. Jirani mmoja mwema alimlisha, lakini jirani naye ana shamba lake na watoto wake. Kila nikipigiwa simu na namba ya yule jirani, nilitoka darasani kabla sijapokea. Niliomba ruhusa hadi mwalimu mkuu akachoka kunitazama. Dirisha la maombi ya uhamisho lilipofunguliwa, shuleni hatukuweza kuingia, na kwenye simu kile kitufe cha chini hakikuonekana kabisa. Siku zikayoyoma kwa kujaribu. Siku ya mwisho, siku ya kufungwa saa kumi jioni, nilipanda gari kuja Korogwe. Steshenari ya kwanza foleni ilifika barabarani. Ya pili waliangalia jina la tovuti wakanielekeza kwa Mwalimu.

Nilimkuta na kompyuta mpya, ile ya kukunja. Ya zamani ilikufa wiki hiyo, umeme ulikatika ukarudi kwa nguvu, moshi ukatoka. Hii mpya ilikuwa na mfumo mpya kabisa, na yeye alikuwa amekasirika nayo kama mama mkwe.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Na wewe ni uhamisho?"

"Ndiyo, Mwalimu. Ni mama."

Alijua habari za mama. Hakusema pole. Aliburuta kiti kwa mguu akaniambia nikae.

Alifuta kumbukumbu za brauza. Aliiamuru ijifanye mzee. Ukurasa ukafunguka vizuri, nikapumua. Niliandika namba yangu, akageukia ukutani, nikaandika neno la siri, nikabonyeza. Ukurasa ukazunguka, ukanirudisha pale pale pa kuingilia. Chini kukawa na maneno mekundu.

"Soma," alisema, bado ametazama ukuta.

"Uthibitisho umeshindikana. Ingia upya."

Niliingia upya. Nikarudishwa. Akabadilisha brauza, nikarudishwa. Akafungua dirisha la siri, lile lisilotunza kumbukumbu, nikarudishwa. Akaunganisha kwa simu yake badala ya ile laini ya dukani, nikarudishwa. Kila mara maneno mekundu yale yale. Shati lilikuwa limenigandia mgongoni.

"Ndiyo hivyo hivyo tangu kompyuta hii ije," alisema hatimaye, na nilisikia uchovu kwenye sauti yake. "Tovuti nyingine zinakubali. Hii moja na mfumo huu hawapatani. Asubuhi alikuja nesi wa zahanati ya Kwaluguru, naye uhamisho. Mtoto wake mdogo analelewa na bibi yake hapa Korogwe. Nimehangaika naye, wapi. Nimemwambia arudi Handeni, pale ofisini wana kompyuta ya zamani, huenda ikakubali."

"Na mimi Handeni sitafika kabla ya saa kumi, Mwalimu."

"Najua."

Alisema "najua" kama mtu anayefunga mlango taratibu. Nilitaka kulia na nilitaka kupiga meza. Nilimwona mama amelala ubavu, anasubiri jirani aje kumgeuza. Niliangalia saa ya ukutani: tisa na nusu. Nikaangalia pembeni ya kioo cha kompyuta: tisa na nusu. Nikatoa simu nimpigie jirani nimwambie imeshindikana, na simu ikaniambia ni kumi na tano na nusu.

Kidole kilisimama hewani. Ile kompyuta ya shuleni kwetu, saa kama hizi huandika kumi na tano. Kila kompyuta niliyowahi kuiona huandika hivyo. Hii ya Mwalimu iliandika tisa.

Msomaji ambaye hakufundishwa na Mwalimu hataelewa nilivyoogopa. Mle ndani palikuwa na watu watano kwenye benchi. Mtu huyu alinifundisha kusoma saa. Na dakika zinakwenda.

"Mwalimu," nilisema, "naomba niseme nilichokiona."

Alinigeukia.

"Nimeona saa ya kompyuta ni tisa na nusu. Simu yangu ni kumi na tano na nusu. Ni saa ile ile, lakini kompyuta haijui kama ni ile ile. Labda tovuti inaona tunatoka saa nyingine."

Alichukua miwani juu ya printa, akaivaa. Alitazama pembe ya kioo, akatazama simu yangu, akatazama ukuta.

"Niliirekebisha mimi," alisema. "Ilikuja imeandika za kizungu. Mzee mmoja kutoka Mnyuzi alisoma kumi na sita, akaniuliza hiyo ni saa gani ya Mnyuzi. Nikasema watu wasibabaike. Ikawa inajirudisha yenyewe, nikaizima isijirudishe." Kisha akaongeza, taratibu: "Ya zamani sikuigusa saa yake."

Alifungua mipangilio, akawasha kile alichokizima. Saa ikaruka, ikaandika kumi na tano. Hakugeukia ukutani safari hii, alisahau. Niliandika neno la siri mbele ya macho yake, nikabonyeza, na ukurasa ukafunguka hadi ndani, na jina langu juu. Nilijaza kila palipotakiwa. Kitufe cha mwisho kikawa cha kijani. Nilikibonyeza mwenyewe. Pakaandikwa kwamba ombi limepokelewa.

Benchi lilishangilia. Mimi niliinamia meza nikalia, sioni aibu kusema. Nilipoinua kichwa, Mwalimu alikuwa na simu sikioni na uso wake umekuwa wa kijivu.

"Nesi," alisema. "Uko wapi, mwanangu?"

Aliweka sauti kubwa ili ashike kalamu. Nilisikia mngurumo wa gari. Nesi alikuwa ameshapita Segera, ameshapita Mkata; aliposhindwa hapa alikwenda kwanza kumwona mtoto wake, kwa hiyo gari alilipanda amechelewa.

"Hutafika ofisini?"

"Sitafika, Mwalimu. Watakuwa wamefunga."

"Tovuti ni nzima. Kosa ni langu. Nipe namba yako na neno lako la siri, nikuingizie."

Nilishtuka kuliko niliposhtuka na saa. Mwanamke aliyeziba masikio miaka yote alikuwa anaomba neno la siri la mtu, mbele ya benchi zima, na kalamu mkononi.

Nesi alitaja namba. Akaanza neno la siri, herufi moja moja, akipaza sauti juu ya injini. Herufi kubwa. Herufi ndogo. Halafu mngurumo ukakatika, na simu ikanyamaza.

Alipiga. Haipatikani. Mimi nikapiga, haipatikani. Tulipokezana, mtu na simu yake, na watu wa kwenye benchi wakachukua namba na wao wakapiga. Kule mbele ya Mkata kuna mahali milima inaficha minara, kila mtu aliyepita anajua. Saa ya ukutani ilikwenda na saa ya kompyuta ikaenda, sasa zinaandika tofauti lakini zikienda pamoja. Mwalimu alijaribu kubahatisha mwisho wa neno. Aliandika jina la mtoto, ikakataa. Akaondoa mikono kwenye kibodi, akaikalia kabisa, kama mtoto aliyeambiwa asiguse.

Saa kumi ukurasa ulijifunga mbele ya macho yetu. Mwalimu aliukunja mfuniko wa kompyuta akatuomba radhi, akasema leo anafunga mapema.

Uhamisho wangu ulikubaliwa. Nikahamia Mnyuzi, na mama akaanza kula kwa mkono wangu. Furaha ile sikuweza kuifurahia moja kwa moja. Kila nilipomgeuza mama kitandani nilimkumbuka mtoto wa mtu Korogwe, analala na bibi yake, kwa sababu mama yake alikuja asubuhi na mimi nikaja mchana. Kwa Mwalimu nilipita mara chache. Saa ya ukutani haikuondoka mahali pake, mishale yake ile ile. Lakini mteja akikwama, Mwalimu alisema "hebu tuanzie kwangu," na kitu cha kwanza alichokagua kilikuwa saa ya kompyuta. Ukali ulikuwa umempungua, na mimi, mjinga mimi, niliukosa.

Dirisha la uhamisho lilipofunguliwa tena, siku ya mwisho nilipita Korogwe kuchapa mitihani. Nikakuta kufuli mlangoni. Jirani yake wa duka la vitenge aliniambia Mwalimu ametoka na gari la alfajiri. Sikuamini. Nilikuwa na safari ya Segera kununua mbegu, nikaenda nayo wasiwasi wangu.

Nilimwona kabla hajaniona. Pale njia panda, kati ya wauza machungwa na mabasi yanayopiga honi, alikaa kwenye kreti la soda, amejifunika kanga kichwani hadi kwenye magoti kama mtu anayejifukiza. Chini ya kanga ilikuwa kompyuta, imefunguliwa.

"Shikamoo, Mwalimu. Unafanya nini hapa?"

"Marahaba. Natoka Kwaluguru."

Na yale magoti. Nilichuchumaa.

Alimfuata nesi zahanati, na kompyuta kwenye kikapu. Alisema nesi alimwamkia, akampa kiti na maji, akajaza mwenyewe, akabonyeza mwenyewe.

"Hakukulaumu?"

"Hakunilaumu. Hilo ndilo lililonichosha."

Alisubiri basi lipite. "Lakini alipobonyeza pakazunguka, na minara kule unaijua. Halafu pakaganda, hapaandiki kitu. Sikujua kama limekwenda au limebaki. Simu ya nesi nayo imezima. Nikapanda gari hivi hivi, nimeibeba imefunguliwa njia nzima, nisije nikaifunga nikapoteza ukurasa. Hapa minara imejaa. Inatakiwa kubonyezwa tu mara moja ijisome upya."

"Umebonyeza?"

Alivuta kanga vizuri juu ya kioo. Nikaelewa kwamba amekaa pale muda mrefu na hajabonyeza. Kama ombi halikufika, ilikuwa lazima arudi Kwaluguru saa hiyo hiyo, na jua lilikuwa limeshainama. Betri ilibaki nyekundu kidogo pembeni. Nilitazama saa ya kompyuta, nikatazama simu yangu. Zilikuwa sawa. Aliniona nikitazama.

"Nimeshaikagua," alisema. "Bonyeza wewe. Mimi niliyoyabonyeza yametosha."

Niliingiza kichwa chini ya kanga, tukabanana mle ndani, nikasikia harufu ya jasho lake na ya sabuni. Nilibonyeza. Pakazunguka. Nje konda aliita watu wa Handeni, na nikamsikia Mwalimu akihema kwa mdomo. Pakazunguka tena. Yeye alikuwa amefumba macho.

"Umeona nini?" aliuliza. "Sema ulichokiona."

"Ombi limepokelewa, Mwalimu. Na jina lake lipo juu."

Alinishika mkono kwa nguvu mpaka ukaniuma.

"Soma tena," alisema.